Bakshishi ya Shangazi

Tarehe 3 Februari

Shikamoo Shangazi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na mkuu wa makedi hajakuudhi wiki hii. Sisi hatujambo. Nina habari na sijui nianzie wapi, kwa hiyo naimwaga yote.

Mume wangu amehamishwa kikazi. Tunakuja kuishi huko huko kwako, kabla mwezi huu haujaisha. Kampuni imempa nyumba upande wa juu, ile mitaa yenye kuta ndefu, na imemlipia uanachama wa klabu ya gofu. Shangazi, klabu ya gofu ni moja tu mji mzima. Ni hiyo unayobebea mikoba.

Najua utafurahi, na mimi nimefurahi. Lakini nakuomba kitu kimoja, nakuomba sana. Akija hapo, mchukue kama mwanachama mwingine yeyote. Usimwambie wewe ni nani. Hamjawahi kuonana, na nataka mara ya kwanza iwe nzuri, nyumbani, mezani, siyo uwanjani ukiwa na mkoba begani. Nipe muda kidogo.

La pili. Huyu bwana hajui kutoa bakshishi. Siyo mchoyo, anaogopa. Huku alimpa kedi aliyembebea mkoba pesa mbele ya watu, wenzake wakamwambia anawaharibu wafanyakazi. Safari iliyofuata akatoa kidogo, kedi akamtupia jicho ambalo mpaka leo analisimulia. Sasa ananiuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayecheza. Nimemwambia nina rafiki anayeyajua mambo ya gofu. Niandikie: nani anapewa, wakati gani, kwa namna gani?

Usinipigie simu kuhusu haya. Mama mkwe anaishi nasi, na simu yangu inapita mikononi mwa kila mtu. Tumia anwani ya hospitali ninakofanyia kazi, andika ni kwa mfamasia. Tukishahama nitakupa nyingine.

Binti yako,
Chiriku


Tarehe 11 Februari

Chiriku mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika kwenye sanduku la klabu, na karani wa mapokezi akaileta kibandani kwetu akiipeperusha juu: "Mama Upepo, umepata mchumba!" Bahasha haina jina la mtumaji, ulitegemea watu wafikiri nini? Makedi wamenicheka mpaka jioni. Mwenye benchi la karibu na mlango akaniuliza kama huyo bwana ana meno.

Kwa hiyo nimekuwa rafiki. Nimekuosha, nimekusuka nywele, nimekukimbiza na sandali mkononi ulipomtukana mwalimu, leo nimekuwa rafiki anayeyajua mambo ya gofu. Haya. Nimekubali kwa sababu umeniomba. Na kwa sababu hicho chakula cha mezani nakitaka, nikiwa nimevaa viatu vyangu vya sherehe, ambavyo havikwenda harusini kwako kwa kuwa mlifunga ndoa kwa msajili na mashahidi wawili tu. Vimekaa kwenye boksi vinangoja.

Sasa bakshishi. Umenigusa penyewe, kaa kitako.

Mwambie mumeo kwamba malipo yanayolipwa dirishani ni ya klabu, na sisi tunaona mabaki yake. Bakshishi ndiyo yetu. Kwa hiyo asije akafanya kama wale wanaopapasa mifuko yote kwenye shimo la mwisho, la suruali, la shati, mpaka la mkoba wenyewe nilioubeba mimi, halafu waseme, "Ngoja nikatafute chenji ndani." Huko ndani kuna baa. Huko hawatoki. Nimewahi kumngoja mheshimiwa mmoja mpaka mwenye kufunga geti akanihurumia.

Wapo wanaokupa mpira uliochubuka. Mpira! Nitaupeleka dukani ninunulie unga? Wapo wanaokupa mawaidha: tunza pesa, soma, jitume. Mimi huyo, nimepanda na kushuka mashimo kumi na nane na mzigo wake begani, nimefukua mpira wake kwenye majani, nimefuta fimbo zake kwa taulo langu, nimesimama mahali kivuli changu kisimguse anapopiga, na yeye ananiambia nijitume. Halafu wapo wanaoiweka noti juu ya mkoba na kuondoka, nami niinue kama nimeokota. Hao ndio wanaonichefua kuliko wanaoninyima.

Anavyotakiwa kufanya ni hivi. Atoe mwisho wa mchezo, palepale, kabla hajaingia ndani. Atoe kwa mkono wa kulia, noti iwe imekunjwa, siyo kwa kuificha bali kwa sababu siyo ya kuwaonyesha watu. Amtazame mtu machoni. Aseme asante na aseme ya nini: kwa ule mpira uliouona, kwa upepo uliouotea. Aache, asiulize kama nimeridhika. Na asisahau kwamba kuna mama anayetunza chumba cha kubadilishia nguo, anayekausha viatu vyao na kuokota mataulo yao. Huyo hapewi na mtu, kwa sababu wanapomfikia wameshaanza kufikiria chakula.

Kiasi gani? Aangalie anachotumia kwenye kinywaji akiketi, kisha aone aibu kidogo. Hapo atapata jibu.

Shangazi yako


Tarehe 2 Machi

Shikamoo Shangazi,

Tumefika. Vitu bado viko kwenye maboksi na mama mkwe amekwisha panga jiko mara mbili. Nimeanza kazi kwenye duka la dawa lililo pembeni ya posta, anwani nimeiweka mgongoni mwa bahasha.

Barua yako ilinichekesha mpaka nikaifungia kwenye droo ya dawa za macho. Nimemwandikia mume wangu maelekezo yako kwa mkono wangu, na ameyakunja na kuyaweka kwenye mfuko wa mkoba wake wa gofu. Anasema, "Huyu rafiki yako ni mkali, lakini ana haki." Anayasoma kama mtu anayejiandaa na mtihani.

Jana nilipita kwa gari karibu na klabu. Nilikuona getini na wenzako. Ulikuwa umevaa kofia ya njano. Nilitaka kushuka, lakini mama mkwe alikuwa pembeni yangu.

Bado kidogo tu, Shangazi.

Chiriku


Tarehe 16 Machi

Wewe binti,

Sina salamu leo. Salamu zako nimezimeza.

Mumeo amekuja mara tatu. Mara ya kwanza mkuu wa makedi aliniita kwa zamu tu, na nikajua ni yeye kabla hajataja jina, kwa namna alivyokuwa akipapasa ule mfuko wa mkoba wenye maelekezo yangu. Tukacheza. Ni mchezaji mbovu, Mungu amsaidie, anaupiga mpira kama anaua nyoka. Lakini ni mtu. Kwenye kile kilima cha shimo la sita aliniuliza goti langu lina nini, akashika upande mmoja wa mkoba tukapandisha wawili. Mwanachama! Na mwishoni alinyoosha mkono wa kulia, akanitazama machoni, akasema, "Asante mama, kwa ule mpira wa kwenye majani." Neno kwa neno. Nilikaribia kuangua kicheko. Nikajisemea kimoyomoyo, mkwe wangu huyu, nimempata mkwe. Mara ya pili na ya tatu akaniomba mimi kwa jina.

Sasa sikia ya leo. Alikuja na daktari mmoja wa meno. Tuko shimo la nne, nimeshika bendera, wao wanangoja walio mbele yetu wasogee. Daktari anamuuliza habari za ndoa. Mumeo anacheka, anasema harusi yake ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Wapiga muziki walikuwa wanane. Keki ililetwa na gari peke yake.

Nikadhani ana mke mwingine! Wallahi hilo ndilo lililonijia kwanza, na nikaanza kukuonea huruma wewe.

Halafu akasema, "Ila mke wangu alinitia simanzi siku ile. Hana wazazi, hana mtu. Ana shangazi mmoja tu aliyemlea, naye yuko nje ya nchi, hakuweza kuja. Nampigia mke wangu kelele kila siku aniunganishe naye nimshukuru, lakini anasema huko aliko simu hazishiki."

Simu hazishiki! Niko mita mbili kutoka kwake, nimeshika bendera ya shimo la nne!

Daktari akasema masikini. Mumeo akasema ndiyo, masikini. Kisha akanigeukia, "Mama, upepo vipi?" Nikatupa majani hewani, sikuona hata yalikoangukia, nikamwambia unatoka kushoto. Ulikuwa unatoka kulia, na nilikuwa najua. Mpira ukaenda bwawani na mlio. Tangu nianze kazi hii sijawahi kumdanganya mtu upepo, hata wale wa mipira iliyochubuka. Umenifanya nimdanganye mkwe wangu.

Msajili na mashahidi wawili, uliniambia. Nikakuamini, nikakutumia shuka za kitanda. Wapiga muziki wanane, Chiriku!

Ninachotaka ni kimoja na nakisema wazi usije ukasema hukuelewa. Nataka uwaambie watu wako kwamba mimi ndiye. Siyo mezani, siyo siku utakayopenda wewe. Uwaambie.

Shangazi


Tarehe 21 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nimekunja barua yako na kuikunjua mpaka imechanika katikati. Nisamehe. Sikupanga iwe hivi. Siku ya kwanza aliponipeleka kwao, mama yake aliniuliza nani aliyenilea, nikasema shangazi. Akauliza anafanya kazi gani. Wote walikuwa wananiangalia, na sebule yao ina picha za watu wenye majoho. Nikasema yuko nje. Lilitoka lenyewe. Baada ya hapo kila siku likawa linanidai jingine, harusi ikafika, na ungeingiaje wakati nimeshasema uko nje?

Wewe unamwona mume wangu uwanjani, akiwa na furaha zake. Huijui familia yake. Ni watu wa juu, hawataelewa. Wataniona niliwadanganya, na watakuona wewe kwa jicho ambalo sitaki uonwe nalo. Nakulinda na wewe pia.

Tarehe 6 Aprili ni siku ya mashindano na zawadi hapo klabuni na tutakuja wote na mama mkwe. Nakusihi, siku hiyo chukua likizo. Ikipita salama nitatafuta njia.

Chiriku


Tarehe 25 Machi

Chiriku,

Mumeo amekwisha niomba nimbebee mkoba siku ya zawadi, na nimemkubalia. Mimi nikimkubalia mtu nakwenda. Likizo chukua wewe.

Kunilinda? Na nini? Nimefanya kazi hii kwa miguu yangu, sijaiba, sijalala njaa, na wewe hukulala njaa. Hiyo ada iliyokuwezesha kuhesabu vidonge vya watu ilitoka mikononi mwa watu kuja mkononi mwangu, siku nyingine ikiwa bado ina jasho la glovu. Kama mkono huu unakutia aibu, ungeutemea mapema, kabla hujashiba.

Tarehe 6 nitakuwa nyuma ya kamba, karibu na shimo la mwisho, na kofia yangu ya njano. Huna haja ya hotuba. Njoo uniite unavyoniita. Neno moja linatosha.

Shangazi


Jumapili, tarehe 7 Aprili

Shangazi wangu,

Najua umekasirika. Nimekuwa nikilia tangu jana, tena nililia ndani ya gari nikasingizia vumbi.

Lakini naomba unielewe. Mume wangu alipoita, "Njooni mumsalimie kedi wangu, huyu ndiye aliyenipa ushindi wa kundi letu," nilisogea mpaka kwenye kamba. Nilikuwa nimejiandaa. Neno lilikuwa mdomoni, naapa. Halafu mama mkwe akanisogelea, akaninong'oneza, "Mpe chochote huyo mama, amehangaika na jua." Mkono ukaingia kwenye pochi kabla akili haijafika.

Nilijitahidi kukuheshimu. Nilifanya kama ulivyofundisha mwenyewe. Nilitoa kwa mkono wa kulia, noti nimeikunja, nikakutazama machoni, nikasema asante na nikasema ya nini. Na niliiona sura yako, ilikuwa imetulia, ukaitikia vizuri. Nikapata moyo kidogo kwamba pengine umenielewa.

Ile noti ilikuwa kubwa, Shangazi. Ilikuwa yote niliyokuwa nayo. Itumie kwa goti lako.

Chiriku


Jumapili, tarehe 7 Aprili

Binti wa marehemu kaka yangu,

Noti yako iko humu ndani, imekunjwa vilevile ulivyoikunja. Sijaifungua, sijui ni ya kiasi gani na sitaki kujua.

Umenipa bakshishi. Mimi. Nimepewa bakshishi na watu wa kila aina, wenye adabu na walevi, na hakuna aliyewahi kunivua nguo hadharani kama wewe jana. Eti "Asante mama, kwa kumsaidia mume wangu na ule upepo." Kwa sauti yako ileile uliyokuwa ukiniomba maji ya kunawa uso asubuhi, kwa sababu ulikuwa unaogopa kuchota peke yako. Na mimi nikajibu, "Asante, bibie," kwa kuwa ndivyo mfanyakazi anavyotakiwa kumjibu mke wa mwanachama, na mkuu wa makedi alikuwa amesimama nyuma yangu. Ulisikia nilivyokuita? Bibie!

Ulifuata maelekezo yangu yote, nimeona. Hukukosea hata moja. Mkono wa kulia, macho kwa macho. Nilikufundisha namna ya kumpa mtu baki heshima yake, ukaichukua ukanigeuza mtu baki. Afadhali ungenipita kama unapita gogo. Ungenipita ningesema amepata woga. Lakini ulisimama, ukafungua pochi, ukanilipa nikae kimya, halafu mkwe wangu akatabasamu pembeni akifurahi kwamba mke wake ana roho nzuri.

Na usimsingizie yeye wala mama yake. "Watu wa juu." Nimetembea na huyo mtoto wa watu jua na mvua. Ananigawia maji kwenye chupa yake, anajua goti langu ni la kushoto. Aibu siyo yake. Ungekuwa na ujasiri ungesema ni yako, tukajua tunapigana na nani.

Nimemwambia mkuu wa makedi kwamba mkoba wa mumeo simbebei tena. Ameniuliza sababu, nimesema goti. Mkoba huo ndio ulikuwa unaniwekea chakula mezani mwezi huu, ujue hilo pia. Lakini siwezi kupokea mkononi mwake huku nikiuona wako.

Usiandike.


Tarehe 15 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Najua umesema nisiandike. Nilipita kwako jana mchana, mlango ulikuwa umefungwa na taulo lako la kazi lilikuwa kwenye kamba. Jirani amesema upo. Nilikaa barazani mpaka muda wangu wa chakula ukaisha.

Tafadhali.

Chiriku


Tarehe 5 Mei

Shikamoo Shangazi,

Nimewaambia. Naanza na hilo usije ukachana barua kabla ya kulifikia.

Sikuwaambia kwa ujasiri, nisikudanganye tena. Mume wangu alirudi kutoka klabuni Ijumaa amenyong'onyea. Karibu wiki nne anapewa makedi wengine, na siku hiyo mkuu wa makedi, baada ya kubanwa sana, alimwambia goti ni kisingizio, Mama Upepo anabeba mikoba ya watu wengine ila wake hataki hata kuuona. Tulikuwa mezani. Akatoa yale maelekezo, yale niliyoyaandika kwa mkono wangu, akayatandaza pembeni ya sahani, akaanza kuyapitia na kidole. "Nilimpa kwa mkono wa kulia. Nilimtazama. Sikumuuliza kama ameridhika. Kuna mahali nimemkosea yule mama, nami sipaoni." Mama yake akamuuliza, "Labda ulimpa kidogo?" Akasema, "Labda nilimpa nyingi, nikamdhalilisha." Chakula kikapoa. Mwisho akasema ameelekezwa unapokaa, na wiki ijayo yeye na mama yake watakuja kukuomba msamaha.

Wakuombe msamaha, Shangazi. Wao.

Nikasema, "Siyo wewe uliyemkosea. Ni bakshishi yangu mimi." Wakacheka, wakadhani natania. Ndipo nikasema neno ulilolitaka, lile uliloniomba niliseme pale kwenye ile kamba. Nilisema, "Yule ni Shangazi."

Mume wangu alinyanyuka akaenda kwenye kona ya sebule, akauchukua ule mkoba wa gofu, akauvaa begani, akasimama nao katikati ya nyumba. Akawa anautikisa. "Ni mzito hivi?" Hakuwahi kuubeba zaidi ya kutoka kwenye gari. Akauweka sawa begani, akasema, "Nimembebesha mama mkwe wangu." Kisha akaniuliza kwa nini, nami nikaanza tena habari za picha za majoho, za watu wa juu, nikaona mwenyewe maneno yanavyoniishia. Nikasema nilikuonea aibu. Ndiyo yote. Nilikuonea aibu wewe, na sasa najionea mimi, na hii ya pili haivuliki.

Mama mkwe hana shida na kazi yako. Ana shida na mimi. Aliniambia, "Harusini viti vilivyotengewa ndugu zako vilikuwa vitupu. Nilihama upande wa mwanangu nikaenda kukaa kwenye viti vyako, ili usione uko peke yako. Nilikuwa nakulilia pale." Tangu Ijumaa ananisalimu tu. Mume wangu analala kwenye kochi. Sijui kitakachofuata hapa ndani, na sikuandikii ili unihurumie.

Ile noti uliyonirudishia bado iko kwenye bahasha ileile. Nimeshindwa kuitumia na nimeshindwa kuitupa.

Chiriku

Mama, ni mimi, mwenye mkoba. Nimeomba nafasi hii chini. Sikujua nianze na shikamoo au na samahani. Shikamoo. Jumamosi nina mchezo asubuhi. Mkoba nitabeba mwenyewe mashimo yote. Nakuomba utembee nami mikono mitupu, na nikikosea upepo unicheke. Sithubutu kuleta bakshishi, sijui kama inafaa tena, na maelekezo hayasemi. Mama yangu atangoja mwishoni na kiti, anasema safari hii ni zamu yako kukaa.


Tarehe 9 Mei

Chiriku,

Marahaba.

Nimeisoma barua yako kibandani, mbele ya wenzangu, kwa sauti. Ndiyo, kwa sauti, yote, mpaka pa kochi. Nimechoka na mambo ya bahasha zisizo na jina. Mwenye benchi la karibu na mlango amelia, halafu akauliza kama mama mkwe wako ameolewa.

Bado nimekasirika. Usifikiri karatasi moja imenipoza. Nikikumbuka ile "asante mama" damu inanichemka upya, na nadhani itachemka mpaka nizeeke zaidi ya hapa. Unavumilia au huvumilii, hiyo ni juu yako. Lakini umesema, na umelisema kwa neno lake, hukulivisha nguo. Nimesikia.

Sasa mpe mkwe wangu majibu yake. Mkoba nitabeba mimi. Anataka kunifukuza kazi? Nimeukataa wiki nne kwa hasira, siyo kwa uchovu, na huo mwendo wake wa kubeba na kupiga utamuua kabla ya shimo la tano. Hiyo ni kazi yangu, naijua, na sijawahi kuionea haya hata siku moja. Na bakshishi atatoa. Alete ileile, kwa mkono wa kulia, anitazame. Kwa nini isifae? Anailipia kazi niliyoifanya, na anajua anampa nani. Hapo hakuna tusi, na maelekezo sibadilishi. Mwambie pia kwamba ule mpira wa bwawani ulikuwa wa makusudi, samahani yake nimeisoma, na ya kwangu ananidai, tutazifuta tukiwa njiani.

Kiti cha mama yake nitakikalia, viatu vya sherehe nitavivaa kule kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Ile noti yako mpe mama anayetunza chumba hicho. Siku ya zawadi uliingia humo kunawa uso, akakupa taulo, ukapita bila hata kumwona. Ameniambia. Mtazame machoni na useme ni ya nini.

Mimi usiniletee kitu. Wala keki, wala shuka, wala senti. Jumamosi nitakapotoka shimo la mwisho njoo mikono mitupu, mbele ya watu wote, uniite.

Shangazi yako